Kipande cha Reli, Changamwe

Kengele ya stesheni yetu haikuwa kengele.
Ilikuwa kipande cha reli, urefu wa mkono,
kimening'inia kwa waya kwenye boriti ya banda,
na baba, Mghanga wa Wundanyi, mbadili njia,
alikigonga kwa bolti yenye kutu:
mara mbili, gari limetoka Mazeras,
mara tatu, limeacha kisiwa, liko Makupa.
Mtaa mzima ulipika kwa sauti hiyo.
Mama alitia mahamri mafutani kwa mbili,
akayaepua moshi ukionekana upande wa Miritini.

Wanasema stesheni hujengwa palipo na watu.
Hapa palikuwa na mikanju, mnazi mmoja uliopinda,
na tangi la maji, maana injini ilifika na kiu
baada ya kupanda kutoka Kibarani.
Kiu hiyo ndiyo iliyotuzaa.
Alikuja mjaza maji, akaja mkewe,
akaja muuza chumvi na mafuta ya taa,
akaja fundi baiskeli kwa ajili ya baiskeli moja, ya karani,
kisha landi za reli, mistari saba,
chumba kimoja kimoja, choo kule mwisho,
namba ukutani kama mabehewa.
Sisi tulikuwa Nne B.
Hata leo mtu wa Magongo akiniuliza kwetu wapi
ulimi unataka kusema Nne B.

Karani Famau, wa dirisha la tiketi,
aliandika kwa chaki ukutani, hati nzuri ya madrasa:

    Gari halina muhali, hwenda saa ikifika
    Uwe liwali wa mbali, tiketi itatakika
    Hamali naye wakili, benchi moja huwaweka
    Kama hukuja awali, kwa miguu utafika

Baba alicheka kila alipopita hapo.
Benchi zilikuwa tatu.
Ile ya daraja la tatu haikuwa na mgongo,
na jua la saa nane lilikuwa lake peke yake.
Mkuu wa stesheni alifuta shairi kwa kitambaa kibichi.
Karani akaliandika tena.
Miaka ikapita hivyo, mmoja anafuta, mmoja anaandika,
mpaka bendera ilipobadilika, benchi zikachanganywa,
na shairi, lilipokuwa kweli, hakuna aliyelirudia.

Halafu malori.
Halafu makontena, mitaa ya makontena,
Chaani, Mikindani, nyumba zikikimbilia barabara
na kuipa reli mgongo.
Mabehewa ya abiria yakawa sita, manne, mawili,
mpaka siku moja mahamri yakalala.

Baba alistaafu mwezi wa mfungo tisa.
Miaka ishirini na saba alisafiri bure kwa pasi.
Siku ya mwisho alikwenda dirishani, akatoa pesa,
akanunua tiketi ya Mombasa, kwenda tu,
ile ngumu, ndogo, rangi ya kashata.
Gari likaja. Likaondoka. Yeye kasimama.
Nikamuuliza, mbona hukupanda?
Akasema, "Nilitaka siku moja linichukulie abiria."
Tiketi ninayo. Haijatobolewa.

Sasa stesheni kubwa iko Miritini,
sakafu yake inateleza, unavua mkanda ukaguliwe,
sauti ya mwanamke inatangaza kutoka darini
na hakuna anayejua sura yake.
Sisemi ni mbaya. Nimepanda. Nililala hadi Voi.

Lakini Jumanne nilipeleka sufuria kuzibwa
kwa kijana Tsuma, nyuma ya kituo cha mafuta.
Fuawe lake nililitambua kwa tundu la waya.
"Hili nililikuta hapa," akasema, "halichoki."
Akageuza sufuria, akainua nyundo,
akagonga
mara mbili,
nami nikajikuta nimeinuka,
natazama Miritini,
mikono ikitafuta unga.