Mtaa wa Tanyard

Miaka ishirini na miwili nabeba mkoba wa posta
katika mtaa wa Tanyard, mjini Hollis Ferry,
Carolina Kaskazini.
Watu wangu nawajua kwa bahasha zao:
nani anadaiwa na hospitali,
nani mwanawe yuko jela na bado huandika kwa penseli,
nani huagiza mbegu za nyanya mwezi Januari
theluji ikiwa imeegemea mlango.

Mwaka huu niliwaletea mstari.
Niliuleta kwa mikono yangu, bila kujua:
kadi za manjano, mia tatu na kumi na mbili,
kila moja na namba ya jimbo jipya la uchaguzi.
Nyumba za shufwa, jimbo la nne.
Nyumba za witiri, jimbo la kumi na moja.
Kati yao lami, hatua tisa za mtu mzima,
na mbwa wa Bazemore, ambaye hasomi ramani:
hunikurupusha katika la nne,
huning'ata katika la kumi na moja.

Waliochora sikuwaona.
Nasikia mmoja ni kijana mpole, mla mboga,
asiye na kinyongo na mtu.
Alifuata hesabu tu.

Hesabu yenyewe nilifundishwa na Bi Vernell Spruill, namba 41,
aliyeisomesha shule ya kati mpaka goti likakataa ubao.
Alimwaga maharage kwenye meza ya kibarazani.
Tazama, Lucius, akasema.
Kikombe hiki kishindilie mpaka kimwagike:
hapo watakuachia ushinde, na upige vigelegele.
Waliosalia watawanye,
punje tatu huku, punje nne kule,
kila kikombe kikose kidogo.
Hawajatupa hata punje moja.
Zihesabu. Zote zipo.

Nikakumbuka: haba na haba hujaza kibaba.
Waliotuusia hayo
walisahau kutuambia kibaba kinashikwa na nani.

Machi mto ukala daraja la Cutler.
Tukapiga simu la nne: nguzo zenu ziko ng'ambo.
Tukapiga simu la kumi na moja: lami iko kwa wenzetu.
Basi la shule sasa linazunguka maili kumi na tisa,
na watoto wa Tillery hulala njiani
midomo wazi, mabegi vifuani.
Mheshimiwa wa la kumi na moja anakaa milimani,
mwendo wa saa tatu kwa gari.
Alikuja mara moja, akatusifu kwa samaki wetu.
Sisi hatuvui samaki.

Novemba, Bi Vernell na mdogo wake Idella, namba 38,
ambao tangu ujana huenda kupiga kura katika gari moja
wakibishana kuhusu dirisha,
walikwenda kila mtu kivyake,
mmoja kanisani, mmoja kituo cha zimamoto.
Gari ni la Vernell.
Idella alitembea, kwa koti la marehemu mumewe.
Usiku matokeo yakasomwa mapema mno,
kabla chai haijapoa.

Jumatatu walinisubiri kibarazani, wote wawili.
Barua moja, mwandiko wa watu wawili,
mistari ya Idella ikipanda juu kama kawaida yake.
Stempu mbili. Anwani hakuna.
Ipeleke kwa mbunge wetu, wakasema.

Yupi? nikauliza.

Vernell akamtazama Idella.
Idella akautazama mtaa.
Ndiyo kazi yako hiyo, akasema, wewe ndiye wa posta.

Nimewahi kubeba barua zilizoandikwa kwa Mungu,
kwa waliokufa, kwa Baba wa Krismasi;
zote zina sanduku lake pale ofisini.
Hii sikuiweka humo.
Nimemaliza upande wa shufwa,
nimevuka, nimemaliza upande wa witiri,
mbwa kanipata palepale aliponizoea,
na barua ingali mkobani,
nzito kuliko stempu zake.