Mgeni, Kumi

Daftari ni la kurasa thamanini na sita,
jalada limeliwa pembe, mgongoni jedwali la kuzidisha.
Lilikuwa la Faraji. Alipopanda darasa
Zamzam alizing'oa insha tatu za mwanzo
akaanza kutuandika sisi, kwa penseli.

Miaka sita nililiona juu ya friji bovu
(humo twaweka unga, panya hawaufikii)
nisilifungue.
Kazi yangu kuleta, yake kupeleka:
hiyo ndiyo hesabu niliyoijua.

Mpaka bohari la makontena kule Changamwe
likafunga lango Ijumaa moja,
tukaambiwa tungojee simu.

Nikakaa Mtopanga mchana kutwa,
saa ambazo nyumba yangu sikuwahi kuijua sura,
nikalifungua.

*Jumatatu. Maji ya chumvi mitungi miwili, hamsini.*
*Matamu mtungi mmoja, arubaini, ya kunywa tu.*
*Mafuta ya kupima, ishirini.*
*Mkebe wa makaa. Maharage yasiguse gesi,*
*gesi ni ya alfajiri na ya mtoto akiumwa.*
*Tungule za Kongowea, saa kumi na moja jioni,*
*zilizobonyea.*
*Mgeni, kumi.*

*Jumanne. Mbaazi nusu, nazi moja:*
*tui zito mbaazi, tui jepesi wali wa kesho.*
*Mgeni, kumi.*

*Jumatano. Arusi kwa kina Mwanamkasi, kanga doti moja,*
*ile niliyotunzwa mwaka juzi, haijakatwa. Sifuri.*
*Mgeni, kumi.*

*Alhamisi. Baba Faraji kasema nyama.*
*Robo, na mfupa wa kuomba.*
*Mgeni, tano. Samahani.*

Samahani?
Nani huombwa radhi ndani ya hesabu?

Nikarudi nyuma, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka,
mgeni kumi, mgeni kumi,
mgeni ishirini pale sukari iliposhuka.
Moyo una ujinga wake:
nikaanza kuwahesabu wanaume wa mtaani,
fundi wa friji asiyelitengeneza friji,
muuza maji anayelijua jina lake.
Nikaona haya. Nikaendelea kuhesabu.

Akarudi na kikapu. Nikamuuliza kwa sauti
niliyoipunguza kama redio ya chumba cha mgonjwa:
huyu mgeni ni nani?

Alivua buibui. Akanawa kwa kikombe kimoja,
maji akayakinga, akaumwagia mchicha
ulio kwenye ndoo iliyotoboka.
Ndipo akapanda kigoda, akashusha kopo la maziwa ya unga:
noti zimekunjwa kama sambusa,
sarafu zanuka bizari.

"Iko siku mtu huingia nyumbani mikono mitupu
na ataka kula kama alivyokula jana.
Sikujua atakuwa maradhi, au mwenye nyumba na kodi mpya,
au mamako na safari yake ya hospitali.
Nilimwekea tu."

Akamwaga yote mkekani, akapanga.
Kodi, miezi miwili. Unga, mwezi.
Ada ya mtihani, yapungua mia mbili.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Karibu."

Siku ya kwanza nililetewa chai ya maziwa.
Ya pili pia, na mahamri mawili,
naye akinitazama ninavyotafuna.
Ya tatu alinipa kikapu
na kipande cha karatasi:
*Tungule. Saa kumi na moja, si kabla.*
*Usinunue kwa anayekuita bosi.*

Simu haijalia.
Ukurasa wa jana una hati yangu, imelala kama mlevi:

*Jumapili. Tungule, nimepunjwa.*
*Nimekwenda na kurudi kwa miguu.*
*Mgeni, tano.*

Na chini yake, kwa penseli:
*Umesahau chumvi.*