Daftari la Mizani

Miaka ishirini na sita nilipima mahindi ya watu sokoni Kibaigwa,
nikajua lumbesa inavyodanganya jicho.
Kwa hiyo Chilongani aliponipigia simu kutoka Dodoma mjini,
"Shangazi, hisa za kile kiwanda cha alizeti zimeshuka,
nunua, ni bei ya kutupa,"
nilimwambia, ngoja nivae miwani.

Bei peke yake ni gunia ambalo halijapanda mizani.

Nina daftari la kaunta, mchwa wamekula pembe ya jalada.
Safu ya kwanza mwaka, ya pili bei ya hisa moja,
ya tatu faida iliyoiangukia hisa hiyo.
Ya nne nagawa mwenyewe kwa penseli:
faida kama hii ingehitaji miaka mingapi
kuirudisha bei mfukoni.

Mwaka nilioanza: mia nne kwa hamsini. Nane.
Uliofuata, kila mtu mdomoni alizeti, alizeti,
mia tisa kwa sitini. Kumi na tano.
Faida ilipanda kidato kimoja,
matumaini yakamaliza ngazi.

Halafu ule mwaka mvua ilikata Januari.
Bei ikaporomoka hadi mia nne na hamsini.
Nikagawa, nikingoja namba ndogo:
arobaini na tano.
Nikagawa tena nyuma ya risiti ya luku.
Arobaini na tano.
Bei ilianguka, ndiyo,
ila faida ilishatangulia chini, shilingi kumi,
inaisubiri huko.
Nikasema kitu hiki ghali, nikauza nusu.

Msimu uliofuata mvua ikarudi. Yaliyobaki unayajua.
Nilikuwa nimepima mwaka mmoja wa njaa
nikauita uzito wa kiwanda.

Upo na mwaka wenye nne. Nne!
Nilishavaa viatu niende kwa wakala.
Lakini karani husoma hadi maandishi madogo:
walikuwa wameuza ghala la Mlali.
Ghala huuzwa mara moja,
mbegu hukamuliwa kila mavuno.
Nikavua viatu.

Na mwaka mmoja safu ya nne ina kistari tu.
Hasara, hata ugawe vipi, haikupi miaka.

Leo ni kumi na moja, mwanangu,
tena kwa faida ya mwaka jana.
Unaniuliza ni nyingi au chache.
Nimekusomea safu nzima, juu hadi chini,
ukawa kimya, nikasikia honi za bajaji za Majengo,
kisha ukasema, "Kwa hiyo tununue?"

Sijanunua. Sijauza pia ile nusu.
Nimepiga mstari mpya kwa rula, nimeandika mwaka, nimeandika bei,
pa faida nimepaacha wazi
hadi watoe hesabu zao.
Upepo wa sokoni umeleta makapi mpaka mezani,
moja limetua pale pale penye nafasi.
Nimelipuliza.