Hesabu ya Pumzi

Ragnhild ameweka mapacha mezani, juu ya gazeti la wiki jana:
tabo mbili, kila moja kama ngumi ya mtoto,
feni zake nyembamba kama mapezi ya dagaa.
Chini sakafuni, maana meza ililalamika,
lipo lile moja, konokono wa chuma
mwenye mdomo wa kumeza mkono hadi kifundo.

Nje ni Lycksele, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Volvo imekaa juu ya mawe tangu Oktoba,
kifua wazi, silinda sita mstari mmoja,
ikingoja kuambiwa itapumuaje.

Jirani yake Sixten hana shaka.
Sixten hakuwa na shaka hata siku ile alipoliingiza gari mtoni.
"Moja," asema, "kubwa! Bomba moja, oili njia moja,
kitu kimoja tu cha kulaani kikiharibika.
Fahali wawili hawakai zizi moja."
Naye, bila kuinua macho kwenye gasketi:
"Hawa si mafahali. Hawa walilala tumbo moja."

Ila methali haikazi nati.
Kwa penseli, nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, ameandika:

*Mapacha: huamka elfu mbili tu. Kila kitu mara mbili.
Joto. Hapatoshi kando ya shafti ya usukani.
Kubwa: hulala mpaka elfu nne na nusu. Kisha*

Hapo penseli iliishia. Kuna doa la kahawa.

Ijumaa aliazima gari la Sixten, lenye kubwa,
ampeleke mama Umeå kupimwa moyo:
kilomita mia na thelathini za misonobari na theluji iliyofagiliwa kando.
Mama Gunvor, mkoba magotini, mikono juu ya mkoba.
Kwenye kipilefti cha kwanza Ragnhild akakanyaga.
Kimya.
Gari likafikiri.
Lori la magogo likawapita, limewaka taa kama nyumba ya harusi.
"Limekufa?"
"Linavuta pumzi."
"Kama marehemu baba yako," mama akasema,
"ukimuuliza pesa ziko wapi."

Baada ya daraja njia ikanyooka, kavu, tupu.
Lile lori lilikuwa mbele yao. Gia ya tatu.
Elfu tatu, hakuna kitu. Elfu nne, hakuna kitu,
halafu mluzi mwembamba, kama birika iliyosahauliwa chumba cha pili,
halafu kiti kikawapiga mgongoni,
lori likawa hadithi ya zamani,
misonobari ikashikana ikawa ukuta,
mkoba ukafunguka, peremende zikarukia siti ya nyuma
na mama, mwenye miaka sabini na mmoja na moyo wa kupimwa,
akacheka.
Ragnhild hakukisikia kicheko hicho tangu mazishi.
Akainua mguu. Gari likapiga chafya, likanyamaza.

Sekunde sita.
Kilichobaki mpaka hospitali kilikuwa taa nyekundu,
basi la shule, barafu kivulini,
na paa mkubwa wa kaskazini aliyesimama katikati ya lami
akiwatazama kama mwenye hati ya kiwanja.

Usiku huu anahesabu tena: kwenda kiwandani na kurudi,
duka la dawa, makaburini kila Jumapili.
Maisha yangu, anasema kwa konokono,
karibu yote yako chini ya elfu nne.
Kisha anachukua spana namba kumi na tatu
na pacha wa kwanza, wa kushoto, baridi kiganjani.

Boti mbili zimeingia. Ya tatu inakataa.
Anafuta mikono, anarudi kwenye bahasha,
anatafuta neno lile lililoachwa peke yake,
analimalizia:
*Kisha mama alicheka.*

Konokono amemfunika blanketi.
Sixten akiuliza bei, atamwambia haliuzwi,
na akiuliza kwa nini,
atavuta pumzi.