Giza la Kumeza

Miaka ishirini na miwili baba alilinda bohari
Barabara ya Lunga Lunga, rungu na kurunzi,
akiuza usiku wake kwa mwezi.

Sasa kirusi kimemkuta na sukari mwilini,
kama mgeni aliyekuta chungu kimeshainjikwa.
Kidole kinachomwa: kumi na saba nukta nne.
Sindano ya insulini tumboni, saa tatu kamili.

Halafu Daktari Chelimo kaongeza kidonge, cheupe, kidogo kama punje ya mtama:
"Hii ni homoni ya gizani. Mwili huitengeneza
taa zikizimwa. Haiui kirusi, Mzee Nyamweya.
Itakushika mkono tu."

Baba anakigeuza kiganjani.
"Yaani usiku nao siku hizi unanunuliwa?"
Anacheka; kikohozi kinammalizia kicheko.

Nje, mulika-mwizi ya Mukuru inamwaga mchana dirishani.
Natundika leso ya mama juu ya pazia.
Anameza, kwa maji ya vuguvugu.

Saa nane namsikia akikoroma:
mlinzi kalala lindoni,
na hakuna wa kumfuta kazi.
Kurunzi yake iko mapajani mwangu,
imezimwa.