Kauli ya Kutendwa

Msimamizi wangu ameandika pembeni, kwa herufi za kijani:
"Sura ya tatu ni ndefu. Na theluji imezidi."
Naisoma barua pepe yake nikiwa Mtanda, Lindi,
feni imekufa, umeme umekatika tangu adhuhuri,
chaji imebaki asilimia kumi na nane
na mama anauliza kama Kijerumani kinalipa.

Jana, kabla ya giza, niliwaonyesha filamu.
Ya Kiswidi, bubu, ya zamani:
mwanamke anavuka uwanda mweupe na ndoo mbili,
dakika saba anatembea tu, hasemi, hafiki.
Nilijiandaa kuwaeleza habari za ukimya,
jinsi kamera inavyokataa kumsogelea.
Mjomba Namtema, miaka thelathini kwenye majaruba ya chumvi,
alisogea hadi pua ikakaribia kioo.
"Huyu anavuna vibaya," akasema.
"Chumvi haikanyagwi hivyo. Na viatu vitamwozea."
Hakuna aliyembishia.
Nami niliyakopi maneno yake, neno kwa neno,
nikayatia sura ya tatu, aya mpya.

Theluji kwa Kiswidi ni *snö*,
nukta mbili kichwani
kama macho ya kaa anayechungulia shimoni.

Mama aliposikia natamka *Schule*
aliweka chini ungo wa mchele, akacheka:
"Kumbe umepanda ndege mpaka Kiel
kwenda kujifunza kusema shule?"
Nikamwambia hata hela asili yake huko.
Akashika fundo kwenye pindo la kanga yake.
"Hii? Hii ni ya korosho."

Ila usiku ni wa kitabu kingine.
Ripoti ya wachimbaji, kurasa mia mbili na kitu,
niliipiga picha kwa simu, maktabani, mkono ukitetemeka kwa baridi:
mifupa ilichimbwa Tendaguru,
ilifungwa kwa mianzi na udongo,
ilibebwa hadi Lindi,
ilipakiwa melini.
*Wurde getragen. Wurde getragen.*
Kauli yao ya kutendwa imenyooka kama reli,
mzigo unapita, mbebaji haonekani.
Mwaka wa kwanza niliishika upesi kuliko darasa zima,
mwalimu akanisifu,
nikampigia mama simu usiku ule ule.

Mzigo namba 212. Mfupa wa paja, vipande vinne.
Watu wanane, siku nne.
Mzigo una namba.
Paja lina jina, tena la Kilatini.
Watu wanane ni wanane.

Kwetu yupo mmoja, Mnunduma, babu yake mama,
ambaye bega la kushoto, wanasema, lilikuwa chini kuliko la kulia,
hata kanzu ya Idi ilimwinamia upande.
Sina ushahidi.
Huenda alibeba pamba. Huenda mpira, au magunia ya mtama,
au alizaliwa hivyo.
Najua herufi za kijani zitauliza: chanzo?
Chanzo ni Bi Somoe, anayekumbuka kanzu
na hakumbuki mwaka.

Kiswahili nacho kinajua kutendwa, tusijisifu.
Watu wameuawa humu kwa sarufi safi kabisa.
Lakini kina kineno kimoja, kifupi, kisichogharimu kitu:
ilibebwa na.
Ukishakiandika, sentensi haikai.
Inasimama mlangoni, mguu mmoja ndani,
inasubiri mtu apite.

Basi hivi ndivyo ninavyotafsiri ukurasa wa 87:
pale Kijerumani kinapoweka nukta
mimi naweka *na*,
kisha naacha nafasi, mara nane.
Msimamizi atadhani kibonyezo kimekwama.

Asilimia nne.
Nahifadhi.
Taa inawaka ghafla, majirani wanashangilia kama bao limefungwa,
na mjomba anagonga mlango, taulo begani,
anataka kujua
yule mwanamke wa ndoo
alifika?