Kumi na Sita

Wapo watu wasemao dalili ya mvua ni mawingu.
Hawajawahi kuishi Klaksvík,
ambako wingu hulala juu ya mapaa tangu Septemba
na mvua haimwombi mtu ruhusa.
Hapa kila mtu ana mawingu.
Wote wana homa, wote moyo unawaenda mbio,
wote wanatetemeka kwa baridi ya bandarini.
Nitamjuaje yule ambaye ndani yake
gharika imeshaanza?

Hanus aliingia saa tatu usiku, kwa miguu yake,
sweta ya sufi, harufu ya kondoo.
Siku nne nyuma mkasi wa kunyolea
ulimkata kidole gumba.
"Si kitu," alisema. "Mgonjwa ni mke wangu,
anaugua wasiwasi."
Joto: thelathini na saba na nusu.
Mapigo: mia na nane.
Presha: mia na nne kwa sitini.
Pumzi:
na hapo kalamu yangu, kwa mazoea, ikainama
kuandika kumi na sita.

Kumi na sita ni namba ya wavivu.
Huandikwa bila kutazama kifua.
Mwaka juzi niliiandika kwa Marjun,
siku ya sita tangu ajifungue.
Fomu ikampa alama moja.
Alama moja hurudi nyumbani.
Sitasema zaidi. Mwanawe sasa anatembea,
humwona dukani, kashika kidole cha bibi yake.

Nikavuta kiti.
Dakika nzima, jicho kwenye saa, jicho kwenye sweta,
Hanus akidhani nasikiliza habari za kondoo.
Ishirini na sita.
Nikabonyeza ukucha wake:
damu ikachelewa kurudi kama mtoto aliyetumwa dukani.
Nikapandisha suruali:
madoa ya zambarau magotini,
ramani ya visiwa nisivyovijua.

Sunnvá, mkewe, akasema kama anayeomba radhi:
"Presha yake huwa mia na sitini. Humeza vidonge.
Na leo asubuhi aliniita kwa jina la dada yake,
marehemu."
Kwenye fomu, hilo lina kisanduku kidogo.
Nikaweka tiki.

"Mbona anaongea vizuri?" akauliza daktari Teitur.
Anaongea, nikamjibu.
Mwenye nyumba naye huweza kuongea mlangoni
huku jikoni kunaungua.

Chupa mbili za damu, kisha dripu.
Laktati ikaja: nne nukta moja.
Teitur hakubisha tena, akawa yeye wa kukimbia.
Saa tatu na dakika arobaini na moja
dawa ikaingia mshipani.
Ukungu uliizuia helikopta;
wakampeleka kwa gari, chini ya bahari, hadi Tórshavn.
Sunnvá alisahau glavu zake kitini.

Sijui kama atapona.
Mlango umefunguka, kijana anakohoa,
joto la ngozi yake nalihisi kabla sijamgusa.
Huenda ni mafua. Kwa kawaida huwa ni mafua.
Nafunika kalamu,
natazama kifua.
Moja.